Kifaranga wa Macho Mekundu: Suala Kutoka Mpanda na Yaliyo Nyuma Yake



Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta‘ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Suala limetufikia kutoka Mpanda, makao makuu ya mkoa wa Katavi. Muulizaji ni ndugu yetu mzaliwa wa Pemba aliyehamia huko na ahli yake kwa biashara ya nguo. Suala kama hili kwa kawaida tungelijibu kwa mistari mitano katika safu ya fatwa tukaenda zetu. Safari hii tumelileta kwenye uchambuzi, kwa sababu ndani ya kizimba cha ndege kuna jambo kubwa kuliko ndege.

Anasema watoto wake wanafuga jozi ya kokatieli, ndege wadogo wa jamii ya kasuku wenye kishungi kichwani na doa la rangi ya machungwa shavuni. Aliwanunua Dar es Salaam. Dume na jike wote ni wa kijivu. Mwaka huu wametaga mayai matano, wakaangua vifaranga wanne. Watatu wametoka kama wazazi wao. Wa nne ametoka wa manjano, na macho yake mekundu.

Jirani wa kwanza kumwona akasema, "Hiyo ndege mbaya, itoeni nyumbani." Wa pili akacheka, akasema jike limetoka nje ya ndoa, na ilhali kizimba kina kufuli. Wa tatu hakucheka. Alitoa bei, shilingi laki tatu kwa kifaranga ambaye hata manyoya hayajatimia, na hakuficha kwamba kuna mganga anayemtaka, tena akiwa na macho yale yale mekundu.

Ndugu yetu anauliza: kufuga ndege kizimbani kunajuzu? Huyu kifaranga ni alama ya jambo? Anaweza kumuuza? Na mkewe akaongeza la kwake, kwamba vifaranga hawa wakikua, je, wanaweza kupandishwa ndugu kwa ndugu ili wapatikane wa manjano wengine, maana kina mama wenziwe wameshamwagizia.

Tunaanza na la kuuza, kwa sababu hilo halingoji. Asimuuze kwa mtu huyo, si kwa laki tatu wala kwa laki thelathini. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kumuuzia zabibu mtu unayejua atazigeuza ulevi ni haramu, na ukishuku tu bila kujua ni karaha. Hapa hakuna shaka, mnunuzi ametamka mwenyewe. Na Allah ametukataza katika Suratul Maidah, aya ya 2, kusaidiana katika dhambi na uadui. Pesa ya mganga haisafiki kwa kupitia mkononi mwa dalali.

Baada ya hapo tuitazame hiyo "ndege mbaya". Lugha yetu wenyewe imetuwekea mtego. Mswahili anaposema "ndege njema" au "ndege mbaya" hamkusudii kiumbe, anakusudia bahati. Waarabu wa Jahiliya walikuwa hivyo hivyo. Mtu akitaka kusafiri humshtua ndege. Akirukia kulia anakwenda, akirukia kushoto anarudi ndani. Neno tiyara, la kuamini mikosi, limetoka kwenye tayr, yaani ndege. Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) akaikanusha tiyara kwa hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Kwa hiyo mtu anayeogopa kifaranga wa manjano leo anarudi kwenye kitu kilichofutwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Bundi wetu wa Unguja naye anateseka kwa sababu hiyo hiyo, lakini hilo tuliache.

Sasa rangi imetoka wapi? Hapa nawaomba wasomaji wavumilie kidogo, maana elimu yake ni nzuri na ndiyo inayomvunja mganga nguvu.

Kokatieli asili yake ni bara la Australia, na huko porini ni wa kijivu. Australia imezuia biashara ya kusafirisha ndege wake wa asili tangu mwaka 1960, hivyo kokatieli wanaouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ni wazao wa vizimbani, vizazi kwa vizazi. Katika miaka ya 1950, huko Florida, Marekani, alijitokeza wa manjano na weupe mwenye macho mekundu. Wafugaji wakamwita lutino. Kilichotokea ni kwamba sehemu ndogo ya maumbile, yaani jeni, inayotengeneza rangi nyeusi ya mwili haikufanya kazi. Ukiiondoa rangi nyeusi, kijivu hakipo tena; inabaki manjano iliyokuwa chini yake, na shavu la machungwa linabaki vile vile. Macho yanaonekana mekundu kwa sababu hakuna rangi ya kuifunika damu iliyo nyuma yake.

Jeni hiyo huweza kujificha, na kwa kokatieli inajificha kwa dume peke yake. Kwa binadamu mwanamme ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia. Kwa ndege ni kinyume, jike ndiye mwenye mbili tofauti, na dume ana mbili za aina moja. Jeni hii ya manjano imekaa kwenye ile kromosomu ambayo dume anazo mbili na jike anayo moja tu. Dume akiwa na nakala moja nzima na moja yenye kasoro, ile nzima inafanya kazi na yeye anaonekana wa kijivu kama kawaida. Jike hana ya akiba. Akirithi yenye kasoro, inaonekana pale pale.

Kwa hiyo kutoka Zanzibar, bila kumwona ndege, naweza kumwambia ndugu yetu mambo mawili. Kifaranga wake wa manjano ni jike. Na aliyembeba siri ni baba, yule dume wa kijivu anayeimba asubuhi. Mama, anayesingiziwa kutoka nje, hana lolote. Kwa jozi kama hiyo nusu ya majike hutarajiwa kutoka wa manjano, na madume wote hutoka wa kijivu. Kifaranga mmoja kati ya wanne ndiyo hesabu yenyewe.

Wasomaji wa hadithi wameshakumbuka. Bedui wa Banu Fazara alimjia Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) akidokeza kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi asiyefanana naye. Hakumkemea. Alimuuliza kama ana ngamia, na rangi zao. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama hakuna wa rangi ya majivu kati yao. Akakubali kwamba wapo. Na hao wametoka wapi? Bedui akajibu mwenyewe kwamba huenda ni mshipa wa asili uliovuta. Mtume akamwambia basi na mwanawe huenda mshipa umemvuta. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra. Tizama hekima yake: mtu wa mifugo alifundishwa kwa mifugo yake, na heshima ya mwanamke ikasalimika, na mtoto akabaki na baba. Mimi nimeisomesha hadithi hii madrasa kwa miaka mingi kama hukumu ya li‘aan na nasabu. Suala la Mpanda limenifanya niisome upya.

Na hapa ndipo khabari yenyewe ilipo. Mganga anayemtaka kifaranga wa macho mekundu hakuanza na ndege.

Katavi ilikatwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Mwaka uliofuata, huko Rukwa, mtoto wa skuli mwenye ualbino alikatwa mkono. Mwaka 2015 mtoto mwengine, mdogo zaidi, alikatwa mkono mkoani humo humo. Wote wawili waliishi. Kule kanda ya Ziwa wengi hawakuishi. Mwezi Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mathias Chikawe, alitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli nchi nzima, na watu tukadhani ukurasa umefungwa. Mwaka 2024, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu aliibwa mikononi mwa mama yake mwishoni mwa Mei, na mwili wake ukapatikana katikati ya Juni. Miongoni mwa walioshitakiwa alikuwemo baba yake mzazi.

Sisemi kuwa anayenunua kifaranga leo atanunua mkono wa mtoto kesho. Sina ushahidi huo na kumdhania mtu ubaya ni dhambi. Nasema soko ni moja na itikadi ni moja: kwamba kiumbe aliyekosa rangi ana nguvu ndani ya nyama yake. Anayekubali kwa ndege ameshaukubali msingi. Na mazingira yapo. Hata jina la Katavi, kwa masimulizi ya huko, ni la Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasemwa kuishi kwenye mkwaju karibu na ziwa, na watu hupeleka sadaka chini ya mti huo. Watalii huonyeshwa kama kivutio. Sisi tunajua jina lake ni nini, na tusijione tumesalimika visiwani, maana mizimu yetu nayo ina vibao vyake.

Ualbino wa binadamu unafanana na wa ndege kwa sababu, unatofautiana kwa njia ya kurithi. Kwa binadamu aina iliyoenea huku kwetu inahitaji nakala mbili zenye kasoro, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wawili wanakuwa na rangi ya kawaida na hawajui kama wameibeba. Kila mimba, nafasi ni moja kwa nne, awe wa kiume au wa kike. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ukipiga hesabu, mtu mmoja katika kila 19 kati yetu ameibeba jeni hiyo kimya kimya. Katika msikiti wa watu mia Ijumaa, ni watano. Huenda mmoja ni imamu.

Kwa hivyo yule mume anayemkimbia mkewe kwa kuwa amezaa mtoto mweupe, ameikimbia nusu aliyoitoa yeye. Kesi hizi nimezisikiliza, bara na hapa kwetu. Mwanamke anaachwa na mtoto wa siku arubaini, na familia ya mume inasema ukoo wao hauna "vitu hivyo". Anayemtuhumu mkewe kwa zinaa kwa sababu ya rangi ya mtoto, bila mashahidi wanne, ajue kwamba ameingia kwenye qadhf. Hadithi ya ngamia ilikwisha kumjibu.

Wenye watoto hawa wajue kwamba adui wa kila siku ni jua. Saratani ya ngozi inawaua wengi kabla ya uzee. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua (yapo yanayotengenezwa KCMC, Moshi, kwa ajili yao). Na macho yao huwa hayaoni mbali. Walimu wa madrasa, mtoto anayesogeza msahafu hadi puani hakukosa adabu. Mweke safu ya mbele, kivulini, mwandikie herufi kubwa kwenye ubao.

Turudi kwa suala la mama wa Mpanda la kupandisha ndugu kwa ndugu. Wanyama hawana nikahi wala mahram, hivyo kwa dhati yake si haramu. Lakini lipo suala la madhara, na kanuni ya kutodhuru inamhusu mnyama pia. Kupandisha ndugu kunazikutanisha kasoro zilizojificha. Kwa lutino imeonekana wazi: wengi wao wana upara nyuma ya kishungi, na unarithiwa, uliotokana na wafugaji waliokimbilia rangi wakapandisha baba kwa binti na kaka kwa dada. Pamoja na upara huja mayai yasiyoangua na vifaranga dhaifu. Njia ya salama ni ya subira. Amtafutie huyo jike, akishatimia miezi 18, dume wa kijivu wa ukoo mwengine kabisa. Watoto wote watatoka wa kijivu, ila madume wote watakuwa wamebeba manjano. Hao nao wapewe majike wasio jamaa zao. Manjano itarudi kizazi cha pili, na ndege watakuwa wazima.

Nitapenyeza neno hapa kwa familia za visiwani. Ndoa ya mtoto wa ami na binti ami ni halali kwa Kitabu, na hakuna wa kuiharamisha. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisomesha Unguja na Pemba, ametaja kuwa inapendeza mke asiwe jamaa wa karibu. Wazee wetu wengi wameusoma mstari huo na kuuruka. Koo zilizooana vizazi vitatu, na tayari lina mgonjwa wa siko seli au mtoto mwenye ualbino, ziende zikapimwe damu na zipate ushauri wa daktari kabla ya posa. Kupima siko seli ni jambo la hospitali ya kawaida. Tunafanya hesabu kwa kasuku, tusione haya kuifanya kwa binti zetu.

Kuhusu kufuga kizimbani: kunajuzu. Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) alimtania mtoto Abu Umayr, mdogo wake Anas, kuhusu kindege chake kilichokufa, wala hakumkataza kuwa nacho. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi, alitoa faida sitini kutokana na hadithi hiyo fupi. Al-Qaffal naye aliulizwa kuhusu kuwafunga ndege kwa ajili ya sauti zao akajibu kuwa inafaa mwenyewe akiwatazama kwa wanachohitaji. Sharti ni hilo, na upande wa pili yupo mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula.

Na wanachohitaji si kidogo. Kokatieli huishi miaka 15 hadi 20. Aliyemnunulia mtoto wa darasa la kwanza atamkuta ndege bado yupo harusini. Uwele, mtama na ulezi ni msingi, alizeti kidogo tu, na mchicha kila siku. Parachichi ni sumu kwake. Jike anayetaga anahitaji chokaa la sivyo yai humkwama akafa. Na sisi wa pwani tumepewa bure, mfupa wa dome unaookotwa ufukweni, uoshwe, uanikwe, utundikwe kizimbani. Asitage zaidi ya mara mbili kwa mwaka, kisha kiota kiondolewe apumzike. Mayai huangua kwa siku 18 hadi 21, dume akiatamia mchana na jike usiku, na vifaranga wasiuzwe kabla ya wiki nane, mpaka wale wenyewe. Lutino hushtuka sana usiku na kujigonga, hivyo taa ndogo isizimwe. Mapafu ya ndege ni mepesi mno. Moshi wa mkaa, kikaango kisichogandisha kilichosahauliwa motoni, na, samahani bibi zetu, udi na ubani, vyote vinamdhuru. Fukizeni chumba chengine. Na nyumba yenye mtoto wa pumu iache kabisa, maana ndege huyu hutoa unga wa manyoya. Kuna na homa ya kasuku inayomwambukiza binadamu. Ndege akitoka makamasi na kuvimba macho, aonwe na daktari wa mifugo, na aliyemsafisha akipata homa na kikohozi amwambie daktari kuwa anafuga.

Limebaki moja alilolitaja mwishoni kama kitu chepesi: vijana wanaouza kasuku wa porini kwa bei ya chini, wale wa kahawia wenye tumbo la kijani na manjano mabegani, wanaopatikana katika misitu ya miombo ya Katavi. Hao asiwaguse. Kisheria wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kumkamata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni kosa juu ya kosa. Tanzania imeumwa na biashara hii. Mwaka 1987 kasuku wetu mdogo wa kijani na machungwa wa kusini ya Ziwa Victoria, anayeitwa lavubedi, ndiye alikuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani, hadi idadi yake ikaporomoka. Usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulizuiwa tena mwaka 2016 baada ya tumbili waliokamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakipelekwa Albania, na Juni 2022, ulipotangazwa mwanya wa miezi sita, waziri Pindi Chana aliusimamisha mara moja. Kisheria ya dini, Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas‘ud kisa cha ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, akawa anapapatika, na Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) akaamuru arejeshewe. Kasuku wa kizimbani hana msitu wa kurudi. Wa Katavi anao.

Kwa hiyo jibu kwa ndugu yetu: mfuge kifaranga wako, usimuuze kwa mganga, na akirudi yule mtu na bei kubwa zaidi, mpe khabari mwenyekiti wa mtaa na polisi, kwani anayenunua viumbe vya macho mekundu inafaa ajulikane, na kuna wazazi Mpanda ambao wanastahiki kuambiwa. Uliyebakiwa na nafasi nyumbani, wakaribishe watoto wa jirani waje wamwone ndege huyo akila mtama.

Wallahu a‘lam.